Namna ya Kuufuta Mpaka wa Mandera Ukiwa Umeketi kwenye Mkeka

Mahitaji ni machache: mkeka, kivuli cha mgunga, na mahali ambapo ukiinua macho unaona upande wa Bula Hawa, mji wa Somalia. Mjini Mandera panafaa karibu na Border Point One, pale Kenya, Somalia na Ethiopia zinapokaribiana, ila usisogee mno hadi walinzi wakaanza kukuuliza maswali. Maswali yao tutayahitaji baadaye. Chagua saa ya jua la utosi, kwa sababu somo hili linataka joto. Ukifuata maelekezo yote, kufikia alasiri utakuwa umeufuta mpaka wa nchi mbili, umeubomoa ukuta wa mabilioni ya shilingi, na umewapunguza na kuwaongeza wakazi wa kaunti nzima bila kumgusa hata mmoja. Mwishoni kuna onyo. Usilirukie, lakini usikose kulifikia, maana kwa ajili yake ndiyo nimeandika.

Elimu yenyewe ni kongwe. Ilijengwa na ndugu wawili, Asanga na Vasubandhu, watawa wa Kibudha ambao kwa mapokeo walizaliwa Purushapura, mji unaoitwa leo Peshawar, Pakistan, kati ya karne ya 4 na ya 5. Vasubandhu aliandika kitabu kidogo cha beti ishirini hivi, akadai humo kwamba vitu tunavyoviita vya nje ni maonyesho ya fahamu tu. Shule yao inaitwa Yogachara. Mtawa wa Kichina, Xuanzang, alisafiri hadi chuo cha Nalanda kuisomea, akarudi China mwaka 645 na shehena ya vitabu. Huku kwetu Ubudha una vituo vyake; Mganda Bhante Buddharakkhita alianzisha kimoja karibu na Entebbe mwaka 2005, lakini anafuata tawi la Theravada, ambalo halifundishi jambo hili. Kwa hiyo Mandera utajifundisha mwenyewe. Huna haja ya kusikitika, kwa maana Vasubandhu na wenzake walitumia mazigazi kama mfano wa kudumu, na wewe unayo bure kila mchana.

Basi anza na maji. Simama kwenye barabara ya Elwak na utazame mbele. Utaona bwawa linametameta, na vichaka vya ng'ambo vimepinduka ndani yake. Kila mtoto wa hapa anajua si maji. Hewa iliyogusana na ardhi imepata moto kuliko iliyo juu yake, mwanga unaopita humo unapinda kuelekea juu, na kipande cha mbingu kinafika machoni kikionekana kimetoka chini. Mtoto akishajua hivyo huendelea na safari. Wewe usiendelee. Jiulize: maji hayapo, na bado kuna kitu ulichokiona. Ni nini hicho?

Wana Yogachara watakuambia utenge mambo matatu. Kuna maji uliyoyadhania: hayo ni ya kubuniwa, hayakuwahi kuwapo hata tone. Kuna kule kuonekana kwenyewe, kunakotegemea joto, mwanga, jicho na kiu: huko kupo, na huwezi kukukana, kwa kuwa hata ukijua ni mazigazi bado unayaona. Na kuna la tatu, kwamba ndani ya kuonekana huko maji hayamo na hayakuwamo tangu mwanzo. Anayelijua la tatu hapotezi la pili. Bwawa linaendelea kumetameta mbele yake, ila haliwezi tena kumtoa barabarani na mtungi wake. Rudia zoezi hili mpaka mambo hayo matatu yaache kuchanganyika, kwa sababu yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Msomaji Mwislamu atakumbuka kwamba Surat an-Nur inataja mazigazi na mwenye kiu anayeyaendea asikute kitu. Aya hiyo inazungumzia amali za waliokufuru, haizungumzii asili ya vitu vyote, na si haki kuiburuta kwenye ubishi usio wake. Ila imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuendea ubishi wenyewe kwa miguu yake. Katika kitabu alichoeleza safari yake ya shaka, alisema jicho huiona nyota ikiwa na ukubwa wa dinari, na hesabu za wanajimu zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Kisha akauliza: unapoota unaamini kabisa unayoyaona, je, una uhakika gani kwamba hakuna kuamka kwingine juu ya huku kuamka? Ghazali alitoka kwenye shaka hiyo kwa nuru ambayo, kwa maneno yake, Mungu aliitia kifuani mwake, na hakuishia alikoishia Vasubandhu. Lakini swali walilishika wote wawili, na anayelishika Mandera leo hajaazima kitu cha kigeni.

Ukiyasema haya dukani, utajibiwa. Mwenye duka atagonga meza kwa ngumi: "Abti (mjomba), na hii nayo ni ndoto?" Usikasirike. Mpe heshima yake, kwa sababu pingamizi lake Vasubandhu mwenyewe alilipanga mwanzoni mwa kitabu, tena akaliongezea matatu.

Mawili ya kwanza yanakwenda pamoja. Kama hakuna kitu nje, mbona Mto Daua unaonekana Mandera na hauonekani Wajir, na mbona maji yake ni mengi majira fulani na haba majira mengine? Jibu ni fupi: hata ndotoni kisima kina mahali pake na saa yake. Huoti kisima kila mahali kwa wakati mmoja. Kupangika kwa mahali na wakati hakuthibitishi kwamba kitu kipo nje ya anayeota.

Pingamizi la tatu ndilo zito: naota peke yangu, lakini meza hii tunaiona sote. Vasubandhu alijibu kwa mizimu yenye njaa ambayo, kwa imani ya dini yake, kwa sababu ya matendo yake ya zamani, yote kwa pamoja huona usaha pale wengine wanapoona mto wa maji. Mwenye duka hatakubali mizimu hiyo, na halazimiki. Mwombe afungue droo ya pesa. Noti ya zamani ya shilingi elfu moja ilionekana kuwa pesa na kila Mkenya hadi 30 Septemba 2019. Kesho yake karatasi ilikuwa ileile, wino uleule, na hapakuwa na duka la kuipokea. Kisha mwonyeshe ng'ambo. Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991 na benki kuu yake ikaanguka nayo, lakini shilingi ya Somalia iliendelea kununua chai na mbuzi kwa miaka mingi, bila gavana wa benki na bila dhahabu nyuma yake, kwa sababu anayetoa na anayepokea walikubaliana kuiona. Wote waliiona, na wote waliiona kweli, na kitu walichokiona hakikuwa ndani ya karatasi. Kuona pamoja hakutoshi kuwa ushahidi wa kitu cha nje. Wakati mwingine ni ushahidi wa wingi wa tunaoona tu.

La nne: wali wa ndotoni haushibishi. Kweli. Lakini Vasubandhu alitoa mfano ambao kila aliyesoma madrasa ataupokea bila maelezo marefu. Mtu huota yuko na mke, na hakuna mke. Kisha huamka na janaba, na kuoga kunamlazimu kabla ya Swala ya Alfajiri. Mke hakuwapo, josho lipo. Kitu cha kubuniwa kinaweza kuwa na kazi kamili duniani. Kariri hili kuliko yote, kwa sababu baada ya aya chache halitakuwa jambo la kuchekea.

Kuna pia hoja yake juu ya chembe ndogo kabisa zinazosemekana kuijenga meza. Chembe ikizungukwa na sita nyingine, mashariki, magharibi, kusini, kaskazini, juu na chini, ina pande sita, basi inagawanyika, basi si ndogo kabisa. Ikiwa haina pande, zote saba zitakaa mahali pamoja na meza haitapata unene. Hoja hii ni ya kufikiria ukiwa na utulivu, usiipeleke dukani. Na Dharmakirti, mwanafalsafa wa shule hiyohiyo wa karne ya 7, aliongeza kwamba rangi ya buluu na kuijua buluu havijapata kukutwa mbalimbali hata mara moja, kwa hiyo si vitu viwili. Mimi hoja hii hainitoshi. Inaonyesha kwamba hatuwezi kumfikia ngamia asiyeonwa, asiyesikiwa wala asiyefikiriwa na yeyote. Haionyeshi kwamba hayupo kichakani. Kuhusu mawe na ngamia, nawaachia ubishi wao. Viko vitu vingine ambavyo Vasubandhu ana haki navyo kabisa, na huku Kaskazini Mashariki vitu hivyo vimefanya kazi kubwa kuliko mawe.

Sasa kaa kwenye mkeka, ugeuze uso kuelekea Bula Hawa, utafute mpaka.

Usitafute kwa hasira, tafuta kwa makini. Kuna vumbi upande huu na vumbi upande ule. Mbuzi wanavuka. Watu wa ukoo wa Wagarre wako Kenya, Ethiopia na Somalia, na binamu ni binamu upande wowote alioko. Mstari huu ulipatikana kwa sababu Uingereza iliahidi kuilipa Italia kwa kuingia Vita Kuu ya Kwanza, ikatia saini mkataba mwaka 1924, na mwaka uliofuata Jubaland ikakabidhiwa Roma. Mstari ulianza akilini mwa watu waliokuwa mezani Ulaya. Tumia zoezi la mazigazi. Mstari wenyewe ni wa kubuniwa: ichimbe ardhi hapo, hutaukuta. Kilichopo ni yale yanayoutegemea mstari na ambayo mstari unayategemea: muhuri, bunduki, bei ya sukari, mama anayesubiri ng'ambo na mtoto mgonjwa. Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kwamba mpaka uliofungwa kwa miaka mingi utafunguliwa kwa awamu. Julai mwaka huohuo ufunguzi ukaahirishwa. Ardhi haikufanya lolote katika miezi hiyo. Wazee wa kaskazini bado humwambia anayepanda basi la Nairobi kwamba anakwenda Kenya, na miaka sitini ya uhuru haijawaondolea usemi huo, kwa maana wanasema wanachokiona.

Mpaka ukishafutika, ubomoe ukuta. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Mwaka 2015 serikali ilianza kujenga kizuizi kuanzia hapa Mandera, na taifa likazungumza juu ya ukuta wa kilomita 700 hivi utakaowazuia Al-Shabaab. Kufikia Machi 2019 wabunge walikuwa wakiuliza ni vipi shilingi bilioni 3.4 zimetumika na kilichosimama ni seng'enge ya kilomita 10 hivi, wakataka kazi isimamishwe. Ukuta ulikuwa umeonwa na nchi nzima kwa miaka minne. Kuna waliolala vizuri kwa sababu yake. Pesa zilizotumika kwa ajili yake zilikuwa za kweli, kama lile josho la alfajiri.

Halafu hesabu watu. Sensa ya mwaka 1999 iliwaona watu 250,372 Mandera. Sensa ya mwaka 2009 iliwaona 1,025,756. Agosti 2010 waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza matokeo ya nchi nzima na kuyafuta ya wilaya nane, tano za Kaskazini Mashariki na tatu za Turkana. Wilaya zote tatu za Mandera zilikuwamo. Suala likaingia mahakamani. Sensa ya mwaka 2019 ikawaona 867,457. Hapa mwanafunzi asikimbilie kusema nani alidanganya. Atazame tu: ayeeyo, yaani bibi, anayekamua mbuzi wake pale Neboi alikuwepo asubuhi ya tangazo na jioni yake. Lakini ayeeyo wa kwenye karatasi, yule ambaye idadi yake inaingia katika mgao wa fedha na majimbo ya uchaguzi, alizaliwa na kufutwa kwa kauli. Dawa ya zahanati na mshahara wa mwalimu humfuata wa pili. Anayeumwa ni wa kwanza.

Mtu atauliza maonyesho haya yanatoka wapi, ikiwa hayatoki kwa vitu. Jibu la Yogachara ni ghala. Chini ya fahamu za macho, masikio, pua, ulimi, mwili na akili, na chini ya ile hisia ya "mimi", wanasema kuna fahamu ya nane inayohifadhi mbegu. Kila tendo na kila neno hutupa mbegu humo. Mbegu ikiiva, inatoka ikiwa na sura ya dunia, na mtu anaapa kwamba ameiona nje.

Nchi ina ghala pia. Mwaka 1962 tume iliyoteuliwa na Uingereza ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikakuta wengi wanataka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakufuatwa. Mwishoni mwa Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, vita vya Shifta vikapiganwa hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki hadi mwaka 1991. Februari 1984 ikawa Wagalla, kule Wajir, wanaume wakakusanywa kwenye uwanja wa ndege na wengi wasirudi nyumbani. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa foleni wachujwe, aliyepita akapewa kadi ya waridi juu ya kitambulisho chake. Afisa kijana aliyezaliwa miaka mingi baadaye, Kisii au Nyeri, hakuwapo katika lolote la haya. Anamsimamisha msichana wa Mandera kizuizini, anamtazama, na anaona hatari. Anaiona kweli. Haikutoka kwa msichana. Na msichana naye ana ghala lake, anaona sare na mwili wake unaganda kabla afisa hajafungua mdomo.

Hapa onyo limefika, na nakuomba uuache mkeka kabisa, usome ukiwa umesimama.

Anayeonja elimu hii juujuu hupata hamu ya kuwafuta watu pia. Akishafuta mpaka, ukuta na idadi, hufikiri jirani naye ni onyesho tu la akili yake, na kilio chake ni sauti ya ndotoni. Vasubandhu aliulizwa jambo hili waziwazi: kama hakuna miili ya nje, mchinjaji wa kondoo ana dhambi gani? Hakuponyoka. Alisema akili moja hufikia akili nyingine na kuivuruga, hata kuukata uhai wake, akataja visa vya kale vya misitu iliyobaki tupu kwa ghadhabu ya watawa peke yake. Kwake, nia haikuwa jambo dogo lililo nyuma ya tendo. Nia ndiyo kosa zito kuliko yote. Dharmakirti akaandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba akili za wengine zipo. Karne ya 11 Ratnakirti, wa shule yao hiyohiyo, alikuja kumpinga, akasema ukifika kwenye ukweli wa juu kabisa akili za wengine nazo hazithibitiki. Nimejaribu kumsikiliza Ratnakirti kwa haki, na namkataa. Jiwe linaweza kuwa ndani ya akili yangu. Anayelia hayumo. Kilio chake kilinifikia bila mimi kukitaka.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilitekwa na Al-Shabaab. Abiria walitenganishwa kwa dini, walioonekana si Waislamu wakauawa, watu 28, wengi wao wakiwa safarini kurudi makwao. Mstari uliopita kati ya viti vya basi haukuwa wa chuma wala wa ardhi. Ulikuwa wa kubuniwa tupu, na ulifanya kazi yote.

Desemba 21, 2015, karibu na Elwak, wakajaribu tena. Basi lilikuwa linaelekea Mandera na abiria zaidi ya sitini, na amri ilikuwa ileile: Waislamu huku, Wakristo kule. Wanawake wa Kiislamu walikuwa tayari wamewavalisha wenzao wa Kikristo shungi zao. Abiria walikataa kutengana, wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule, alipigwa risasi akiwa kati ya waliokataa, akafariki hospitalini Januari 2016. Risasi ilikuwa ya kweli na maumivu ya wiki zile yalikuwa ya kweli. Mstari ndio ulioshindwa kuonekana, kwa sababu watu waliotakiwa kuuona walikataa kwa pamoja. Sijasoma ufafanuzi wa Vasubandhu ulio wazi kuliko huo, na hakuna hata mmoja ndani ya basi lile aliyehitaji jina la Vasubandhu.

Zoezi la mwisho si la mkekani. Ni la yeyote mwenye meza, muhuri na foleni mbele yake. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Kaskazini Mashariki kwamba ule uchujaji wa ziada wa vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba kitambulisho umekwisha. Uchujaji wa karatasini umeondoka. Kijana wa miaka 18 kutoka Rhamu akija mezani kwako na cheti cha kuzaliwa, mtazame na utenge mambo matatu, kama ulivyofanya na bwawa la barabarani. Andika yaliyomo kwenye cheti. Yale mengine unayoyaona usoni pake, uliza kwanza yaliingia lini kichwani mwako, na kwa mkono wa nani. Kisha mwite kwa jina lake, piga muhuri, na umwite anayefuata.